Imaji ya diski: namna ya kuitengeneza na kuijaribu mbele ya mashini kufa

Asubui moja mashini yetu ya studio ilikataa kuwaka. Ni ile tunafanyia montaji ya habari. Kioo kilibaki cheusi na kamstari kamoja keupe kakiwakawaka, basi. Hatukuogopa sana, sababu tulikuwa na imaji ya diski yake, iliyofanywa miezi nane mbele na kuwekwa ndani ya diski ya inje, katika droo. Fundi akanunua diski mupya ya SSD, ya giga 240. Ile iliyokufa ilikuwa ya giga 500. Wakati wa kurudisha imaji, programu ikakataa: diski mupya ni ndogo kupita ile ya kwanza. Siku mbili tulifanya montaji na telefone, mpaka tukapata diski ingine ya 500. Miezi ile yote minane, hakuna mutu kati yetu alikuwa amejaribu ile imaji hata mara moja.

Ndiyo sababu ya habari hii. Inaangalia wale wote wenye kazi yao iko ndani ya ordinatere moja: sekretaria wanaoandika TFC za wanafunzi, vituo vya afya, shule, maduka, na redio kama yetu.

Wengi wanasema wako na kopi, kumbe wako na faili tu kwenye flashi. Hiyo ni muzuri, lakini diski ikikufa utapashwa kuweka tena Windows, programu moja moja, imprimante, maneno ya siri, mipango yote. Imaji ni jambo lingine. Inachukua diski nzima: Windows, programu, mipango, faili, hata ile sehemu ndogo iliyofichwa inayosaidia mashini kuwaka. Ukiirudisha kwenye diski mupya, mashini inawaka sawa vile ilikuwa siku ile ulifanya imaji.

Lakini imaji peke yake haiwashi kitu. Iko faili tu. Unahitaji vitu viwili pamoja: diski ya inje yenye imaji, na flashi yenye kuwasha mashini, yaani flashi iliyotayarishwa ili mashini isiyokuwa na Windows iweze kuanzia pale. Watu wengi wanasahau ile flashi.

Programu ya bure inayojulikana sana ni Clonezilla. Haiko nzito, haifiki hata giga moja, kwa hiyo unaweza kuichukua mara moja kwenye intaneti nzuri na kuwagawia wengine. Kiisha unaiweka kwenye flashi na programu ingine ndogo inaitwa Rufus. Angalisho: Rufus inafuta kila kitu kilicho ndani ya flashi. Wenye kuogopa kioo cha maandishi tu wanaweza kutumia Rescuezilla. Ile iko na mabutoni ya kufinya na inaweza kurudisha hata imaji za Clonezilla.

Mbele ya kuanza, zima Windows kabisa. Windows ya siku hizi, ukiizima kawaida, inalala nusu ili iwake haraka kesho, na katika hali ile Clonezilla inaweza kukataa kuisoma. Finya Shift na uishike wakati unazima. Kisha ingiza flashi, washa mashini, na ufinye butoni ya kuchagua pa kuanzia: kwa mashini nyingi za Dell na Lenovo ni F12, kwa HP ni F9 ao Esc.

Hapa sasa ndipo watu wanalilia. Clonezilla haisemi « diski yako ya ndani » na « diski yako ya inje ». Inaziita sda, sdb, ao nvme0n1. Usitazame jina, tazama ukubwa na marke. Na tena, savedisk ni kufanya imaji, restoredisk ni kuirudisha. Mutu akichagua restoredisk mahali pa savedisk, ataandika vitu vya zamani juu ya vitu vya leo, na havitarudi. Programu inauliza mara mbili mbele ya kufuta. Soma yale maulizo, hata kama ni usiku na umechoka.

Imaji inachukua sehemu zenye vitu tu, haichukui nafasi tupu, na inazibana. Diski ya giga 500 yenye giga 120 za vitu inaweza kutoa imaji iliyo chini ya giga 120. Kupitia USB ya zamani kazi ile inaweza kupita saa moja. Kwa hiyo chunga umeme: tumia laptopu yenye batri nzima, ao weka ordinatere kwenye onduleri. Umeme ukikatika katikati, futa ile imaji, anza upya. Usijiambie kama « karibu ilimalizika ».

Mashini za Windows 11 mara mingi ziko na kufuli ya BitLocker hata kama mwenyewe hajui. Hapo Clonezilla inakopi diski yote, hata sehemu tupu, na imaji inakuwa kubwa sana. Na wakati wa kurudisha, Windows inaweza kukuomba ufunguo wa namba 48. Andika namba zile kwenye karatasi, weka karatasi mbali na mashini.

Tuje kwenye kujaribu. Clonezilla iko na chaguo la kupima kama imaji inaweza kurudishwa. Fanya hivyo kila mara. Lakini kipimo kile kinasema tu kama faili haziharibike. Hakisemi kama mashini itawaka. Jaribio la kweli ni hili: toa diski ya mashini, iweke pembeni, ingiza diski ingine isiyokuwa na kazi, yenye ukubwa uleule ao zaidi, rudisha imaji juu yake, chomoa flashi na diski ya inje, kisha washa. Ikifika kwenye Windows, fungua programu unayotumia kila siku, fungua faili moja ya zamani na moja ya mupya, tosha karatasi kwenye imprimante. Usijaribu hata kidogo kwenye diski yenyewe ya kazi! Imaji ikiwa mbovu, utakuwa umefuta kizuri kwa kutafuta kujua kama kibaya kinatembea.

Diski ya jaribio inaweza kuwa ya okazio, na marafiki watatu ao wane wanaweza kuinunua pamoja. Lakini muchunge na diski na flashi za bei ndogo zilizoandikwa tera 1 ao 2. Zingine ndani ni giga 16 ao 32 tu. Zinapokea kila kitu bila kulalamika, kisha ukifungua, hakuna. Programu ya bure H2testw inajaza flashi mpaka mwisho na kuisoma tena, na uongo unaonekana. Inachukua saa mingi, lakini ifanye mbele ya kuweka imaji.

Kunabaki swali la mahali pa kuchunga. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma, na tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena mpaka upande wa Buhene. Siku tano kisha, sehemu kubwa ya muji iliombwa kuhama, na watu walibeba kile mikono inaweza kubeba. Diski ya inje iliyo kwenye droo ya mashini ileile inaungua pamoja nayo, ao inaibiwa pamoja nayo.

Sisi sasa tuko na diski mbili. Moja inabaki studio, ya pili inalala kwa mwenzetu mumoja katika kartie ingine, pamoja na flashi yake ya kuwasha. Kila mwanzo wa mwezi wa tatu tunazibadilisha, na juu ya kila moja kuko kakaratasi kenye tarehe mbili: siku imaji ilifanywa, na siku mashini iliwaka nayo.