UZI: Suruali za Athi River na pamba ya Kathonzweni

1/ Kila msimu wa siasa tunaambiwa: "Viwanda vikija, mkulima atainuka." Mimi ni wa Kathonzweni, Makueni. Nasema tuangalie historia kwanza, maana viwanda vya nguo vilikuja, na mkulima wa pamba hakuinuka. Twende pole pole.

2/ Hadi miaka ya 1980, pamba ya Ukambani ilikuwa na njia yake. Bodi ya serikali inanunua, mbegu zinatolewa, halafu nyuzi zinauziwa viwanda vya hapa Kenya. Kulikuwa na Kicomi kule Kisumu na Rivatex kule Eldoret. Bodi ilichelewesha malipo, kwa hivyo tusiisifu sana. Lakini mnunuzi alikuwepo.

3/ Miaka ya 1990 soko likafunguliwa. Bodi ikatoka, mitumba ikajaa, Kicomi ikafungwa, Rivatex ikaanguka. Pamba ikakosa pa kwenda. Watu wakashika ndengu na maembe, wengine wakapanda basi kutafuta kazi Nairobi na Mombasa.

4/ Mwaka 2000 Marekani ikapitisha AGOA, sheria iliyoruhusu nguo zetu kuingia kwao bila ushuru. Viwanda vikaongezeka EPZ, Athi River. Maelfu wakapata kazi, wengi wao wanawake. Hiyo si kitu kidogo, na anayeibeza hajawahi kutafuta kazi.

5/ Sasa shida iko hapa. Sheria hiyo iliruhusu nchi kama Kenya kushona kwa kitambaa cha kutoka nje. Basi kitambaa kinatoka Asia, kinashonwa Athi River, suruali inaenda Marekani. Pamba yetu haimo humo. Kilichomo ni vijana wetu kwenye cherehani. Tunauza mikono, hatuuzi zao.

6/ Na mikono peke yake ni rahisi kuachwa. Mwaka 2005 mgao wa dunia wa biashara ya nguo ulipoondolewa, China ikapata nafasi kubwa zaidi, na viwanda kadhaa vya EPZ vikafunga. Cherehani inahamishika. Shamba halihamishiki.

7/ Kati ya shamba na cherehani kuna kusokota uzi na kufuma kitambaa. Hapo ndipo tulipokatika miaka ya 1990. Kwa hivyo mtu akija sokoni kuahidi kiwanda, usipige makofi kwanza. Muulize: kitanunua nini kutoka kwetu? Kwa bei gani? Na uzi utasokotwa wapi?