Luanda Magere hakuhitaji upanga wa uchawi kufa

Wasee, kama umecheza Dungeons & Dragons kwa sheria za 2014, unaijua hii kero. Mmekutana na mtu anayegeuka mbwa mwitu, unamkata na upanga wa kawaida, unaambiwa hajaumia hata kidogo. Lazima silaha iwe ya uchawi au iwe na fedha. Kitabu cha majitu cha 2025 kimeifuta hiyo sheria na wengi wamefurahi. Lakini huku kwetu sheria kama hiyo iko kitambo, na inafanya kazi tofauti.

Ukifuata reli kutoka Londiani, ukashuka kupitia Fort Ternan na Muhoroni, unafika uwanda wa Kano. Huko Wajaluo wanamsimulia Luanda Magere, shujaa mwenye mwili wa jiwe. Mikuki ya wazee wetu ilimgonga ikadunda. Wakatafuta mkuki wa maajabu? Zii. Walimpa mke. Siku moja Luanda akaugua, akamwambia mkewe amchanje kwenye kivuli, si mwilini. Kivuli kikatoa damu. Mke akatoroka na habari, na vita vilivyofuata mkuki wa kawaida kabisa ukachomwa kwenye kivuli.

Pwani nao wana Fumo Liongo. Silaha zote zilimshindwa, isipokuwa shaba kitovuni, na aliyemdunga ni mwanawe wa kumzaa. Sawa, shaba ilihitajika. Lakini nani mwingine angemkaribia akiwa amelala?

Hizo ni hadithi. Njoo sasa kwa Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi. Waingereza walikuwa na bunduki, na bado Wanandi waliwasumbua karibu miaka kumi, reli na yote. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel akaitwa mkutano wa amani, na Richard Meinertzhagen akampiga risasi hapo hapo. Bunduki zilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni kumfikia.

Kinachoniuma ni yule mke. Kano ni msaliti, huku kwetu ni jasusi, na kila mtu aliyenisimulia alimwita tu "yule msichana wa Kinandi." Meinertzhagen tunamjua kwa jina lote.

Kwa meza yetu nimeondoa panga za uchawi. Ukitaka kumuua jitu, kwanza ule naye. Jumamosi iliyopita tulicheza masaa manne, na mwishowe watu wawili walikataa kumuua.