Mngurumo Usio Mwendo

Msomaji kijana, huenda ukajiuliza kwa nini uandikiwe habari za mashua wewe uishiye katika nyanda za Kitengela na Kajiado, ambako ng'ombe hutembea mwendo mrefu kutafuta maji ya kunywa, sembuse maji ya kuelea chombo. Swali lako ni la haki. Lakini nyanda zako si ngeni kwa vyombo vya majini. Reli itokayo Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899 ikipita Athi River, jirani kabisa na Kitengela, na mwaka 1901 ikafika ziwani Kisumu. Kwa njia hiyo meli za Winifred na Sybil zilisafirishwa zikiwa vipande vipande, ili ziungwe Kisumu na kutiwa katika Ziwa Viktoria. Basi meli zilipita karibu na malisho yako kabla hazijaonja maji.

Zaidi ya hayo, unavyo karibu nawe vitu viwili, udongo mweusi na birika la chai, ambavyo vyatosha kukueleza fumbo lililowasumbua mabingwa wa merikebu zaidi ya miaka 120 iliyopita, na ambalo hata leo humsumbua mvuvi.

Fumbo lenyewe ni hili. Mvuvi ametoka pwani ya ziwa kwa mashua yenye injini iliyofungwa tezi. Akienda taratibu, chombo chaenda vizuri. Wingu la mvua latokea, naye ataka kukimbilia nchi kavu, aongeza mwendo. Mara injini yapaza sauti kama iliyopagawa, lakini mashua haiongezi mbio. Pengine hata yapunguza. Mafuta yateketea, mawimbi yazidi kukua, na pwani ingali mbali. Ubovu huu si wa kuchekwa, maana aliye majini hana pa kuteremka akasukuma.

Sasa ukumbuke masika ya Kitengela. Lori likizama katika udongo mweusi, dereva asiye na busara hukanyaga mafuta kwa nguvu. Injini hulia, magurudumu huzunguka mbio, na lori hubaki pale pale. Nguvu haikupungua, kilichopotea ni mshiko. Rafadha, yaani kile chombo chenye mabapa kizungukacho chini ya maji, nayo huhitaji kuyashika maji ili iyasukume nyuma, na mashua iende mbele. Ikikosa mshiko, huzunguka bure. Wahenga walisema kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

Lakini maji hayana utelezi wa matope, mshiko hupoteaje? Hapa ndipo birika lifaapo. Umefundishwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Hivyo ndivyo ilivyo Mombasa, kando ya bahari. Mji wa Kajiado uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na huko hewa huyakandamiza maji kwa nguvu ndogo zaidi, hata yakachemka kwa nyuzi 94 au 95 hivi. Ndiyo sababu maharagwe huchelewa kuiva kwako. Basi ujue kwamba maji huchemka ama kwa kuongezewa moto, ama kwa kupunguziwa mkandamizo. Rafadha ikizunguka, uso mmoja wa bapa husukuma maji, na nyuma ya uso huo mkandamizo hupungua. Mwendo ukizidi mno, mkandamizo wa upande ule hushuka hata maji yakachemka yangali baridi. Viputo vya mvuke hulizunguka bapa, nalo badala ya kushika maji hushika utupu.

Jambo hili lilijulikana kwa taabu. Katika miaka ya 1893 na 1894, manowari ya Kiingereza iitwayo Daring ilishindwa kufikia mwendo uliotarajiwa, ingawa injini zake zilikuwa na nguvu za kutosha. Mafundi walipoipa rafadha zenye mabapa mapana zaidi, ilipona. Ugonjwa ukapewa jina la kavitesheni, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilicho wazi ndani.

Mwaka 1894 ilikuwa zamu ya Charles Parsons. Bwana huyu, aliyebuni turbini ya mvuke mwaka 1884, aliunda chombo chembamba chenye urefu wa mita 31 hivi, akakiita Turbinia. Turbini yake ilizunguka kwa kasi isiyo na mfano, na Parsons alitumaini kuwashangaza walimwengu. Chombo kilipojaribiwa, hakikupita kilomita 37 kwa saa. Alibadilisha rafadha moja baada ya nyingine, asifanikiwe.

Hapo, msomaji, ndipo utakapoona tofauti kati ya fundi na bingwa. Parsons hakuongeza nguvu; aliuliza nguvu aliyokuwa nayo ilikuwa ikipotelea wapi. Alichukua rafadha ndogo, akaizungusha ndani ya maji ya moto yaliyokaribia kuchemka, ili viputo vijitokeze upesi. Kisha akatengeneza chombo maalumu cha kuitazamia kwa mwanga wa kumulika na kuzima. Akaviona viputo kwa macho yake. Baada ya hapo aliigawa kazi ya rafadha moja: akatia turbini tatu na mihimili mitatu, na kila mhimili akaupa rafadha tatu, jumla 9. Mwaka 1897, katika gwaride la manowari za Uingereza huko Spithead, Turbinia ilipita mbele ya wakubwa wote, na vyombo vya ulinzi havikuweza kuifikia. Mwendo wake ulizidi kilomita 60 kwa saa.

Mwaka 1917 mtaalamu Lord Rayleigh alieleza kwa hesabu jinsi kiputo kinapobomoka kinavyozaa mkandamizo mkubwa ajabu. Kwa hiyo rafadha iliyougua muda mrefu huonekana imechimbikachimbika kama ubao uliotafunwa na mchwa.

Injini ndogo za tezi zilienea baada ya Ole Evinrude, Mmarekani aliyezaliwa Norway, kuanza kuuza zake mwaka 1909. Ugonjwa wa manowari ukamfuata mvuvi. Lakini mvuvi mwenye akili husikiliza kwanza. Sauti ikipanda na mashua isiende, mshiko umepotea. Basi azime injini kabisa, kisha atazame: bapa limepinda au limemeguka? Magugu yameizinga rafadha? Injini imefungwa juu mno, ikavuta hewa kutoka usoni pa maji? Hewa hiyo si kavitesheni, ingawa watu huchanganya mambo haya mawili. Lakini madhara yake hufanana. Tena iko mipira katikati ya rafadha nyingi, iliyowekwa ili rafadha ikigonga mwamba injini isivunjike. Mpira ukichakaa, mhimili huzunguka na rafadha hubaki nyuma. Bali sauti ikishuka na injini ikakaribia kuzima, basi mara nyingi ubovu hauko majini. Autafute katika mafuta na katika injini yenyewe.

Na mpaka apate kuitengeneza, apunguze mwendo. Taratibu ile ile iliyomtoa pwani yaweza kumrudisha.

Msomaji kijana, huenda usimiliki mashua maishani mwako. Lakini utakutana na kazi ambayo kila ukiiongezea nguvu haisogei, iwe ni somo, shamba au biashara. Siku hiyo ukumbuke lori la Kitengela na rafadha ya Parsons. Usikanyage zaidi, teremka utazame gurudumu limeshika nini.