Diwani, Fungu na Ruzuku: Maombi ya Fedha katika Halmashauri za Wilaya

Neno diwani lina historia ndefu kuliko cheo linachokitaja leo. Asili yake ni Kiajemi; likaingia katika Kiarabu, na katika ukhalifa wa Omar (634–644) lilikuwa jina la daftari lililoandikwa askari na posho zao. Katika miji ya Mrima, karne ya 19, diwani alikuwa mkuu wa mji. Katika Tanzania ya leo ni mjumbe aliyechaguliwa na watu wa kata yake. Basi neno hilo limepita katika hali tatu: daftari la fedha, mwenye amri, na msemaji wa watu mbele ya wenye fedha. Hali hii ya tatu ndiyo yenye mashaka zaidi.

Sheria ya mwaka 1926, iliyotungwa zama za Gavana Donald Cameron, iliwapa machifu wa Tanganyika hazina zao. Ushuru wa kale waliokuwa wakipewa ulichanganywa na kodi, nao wakalipwa mishahara. Kila mwaka yaliandikwa makisio ya mapato na matumizi, lakini hayakuwa na nguvu mpaka yakubaliwe na wakuu wa serikali ya kikoloni. Mlipa kodi hakuwa na mahali pa kuuliza. Sheria ya mwaka 1953 iliruhusu halmashauri zenye wajumbe wa kuchaguliwa, na baada ya uhuru, utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963, halmashauri ya wilaya ikawa ndiyo baraza la makisio.

Hapo ndipo lugha ilipofanya kazi yake. Makisio yatokana na kukisia, ambalo asili yake ni qiyas ya Kiarabu, yaani kupima jambo kwa jambo jingine. Makadirio yatokana na qadr, kiasi kilichowekwa. La kwanza lakiri kwamba mtu hajui. La pili ladai kwamba amekwisha pima. Bajeti nayo imetoka katika Kiingereza, kilicholipata katika Kifaransa, ambako lilikuwa mfuko mdogo wa ngozi. Kasma ni gawio. Lakini fungu ni neno la sokoni: muuza nyanya hupanga mafungu, na mnunuzi hulitazama kila moja kabla ya kutoa senti yake. Mtu asiyejua uhasibu aweza kuuliza kwa nini fungu la zahanati ni dogo kuliko fungu la safari. Kiswahili kilipotangazwa kuwa lugha ya shughuli za serikali mwaka 1967, swali kama hilo lilipata heshima rasmi.

Heshima hiyo ilikuja wakati nguvu zinapungua. Mwaka 1969 kodi ya halmashauri za wilaya ilifutwa, na mwaka 1972 halmashauri zenyewe zikavunjwa, kazi zake zikakabidhiwa maofisa wa serikali kuu. Sheria za mwaka 1982 zilizirudisha, zikaanza kazi mwaka 1984. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo nayo ikaondolewa. Watu waliokuwa wakiibeba walipumua, lakini halmashauri zilizidi kuitegemea Hazina.

Fedha zitokazo huko huitwa ruzuku. Katika matumizi ya kale, ruzuku ni riziki ambayo Mungu humjalia mja wake. Mja hushukuru, hadai hesabu. Neno hilo halilingani na fedha za kodi, ambazo mwananchi alizitoa kwanza. Siku hizi baraza la madiwani hujadili bajeti ndani ya ukomo uliokwisha kuwekwa na serikali kuu, kisha hupeleka maombi yake juu. Diwani asimamapo kuitetea kata yake, maneno mawili hugombana kinywani mwake: fungu, ambalo lina mwenyewe, na ruzuku, ambayo ina mtoaji. Historia ya halmashauri hizi ni historia ya ugomvi huo, nao haujaamuliwa.