Usasaleo katika utamaduni pendwa

Usasaleo katika utamaduni pendwa ni jinsi mawazo na mitindo ya usasaleo inavyojitokeza katika filamu, televisheni, muziki, sanaa za picha na vyombo vya habari. Usasaleo (huitwa pia upostimodenisti) ni mkondo wa fikra na sanaa ulioenea hasa Ulaya na Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 20. Kazi za mkondo huu humkumbusha mtazamaji kwamba anachokiona kimetengenezwa, na mara nyingi kimetengenezwa kutokana na kazi nyingine.

Nadharia

Mwanafalsafa Mfaransa Jean-François Lyotard, katika kitabu La Condition postmoderne (1979), alieleza usasaleo kuwa ni kutoyaamini masimulizi makuu, yaani maelezo yanayodai kufafanua historia yote ya binadamu. Mfaransa mwenzake Jean Baudrillard, katika Simulacres et Simulation (1981), alidai kwamba katika jamii iliyojaa picha, nakala hutangulia kitu chenyewe, hata mpaka kati ya uhalisi na mwigo hupotea.

Sanaa, filamu na televisheni

Mwaka 1962 Andy Warhol alionyesha michoro 32 ya makopo ya supu ya Campbell. Bidhaa ya dukani iliingia katika ukumbi wa sanaa, na tofauti kati ya sanaa ya wasomi na vitu vya kila siku ikatiliwa shaka.

Katika filamu Pulp Fiction (1994) matukio hayafuati mfululizo wa wakati: mhusika anayeuawa katikati ya filamu anaonekana tena akiwa hai mwishoni. Katika Scream (1996) wahusika wenyewe wanajadili kanuni za filamu za kutisha huku wakiwindwa na muuaji. Katuni ya The Simpsons, iliyoanza kama kipindi kamili mwaka 1989, huiga na kutania filamu, matangazo na hata kituo cha Fox kinachoirusha.

The Matrix (1999) inaonyesha kitabu cha Baudrillard kikiwa kimetobolewa ndani ili kuficha vitu. Hata hivyo, Baudrillard alisema watengenezaji hawakumwelewa: katika filamu hiyo ulimwengu halisi na ule wa bandia hutenganishwa waziwazi, ilhali yeye alidai kuwa utengano huo haupo tena.

Muziki

Hip hop ilizaliwa New York katika miaka ya 1970, pale madijei waliporudiarudia vipande vya ngoma kutoka sahani za santuri za zamani. Baadaye mashine ziliwezesha kukata vipande vya nyimbo na kuviunga katika wimbo mpya. Mtindo huu huichukulia kazi yoyote kuwa malighafi, lakini sheria hutambua kwamba kila kazi ina mwenyewe. Mwaka 1991 mahakama ya New York iliamua kwamba rapa Biz Markie alivunja hakimiliki kwa kutumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa. Tangu hapo kampuni za muziki zilizidi kudai ruhusa na malipo kabla ya kutoa nyimbo za aina hiyo.

Afrika Mashariki

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezijadili riwaya za Euphrase Kezilahabi, Nagona na Mzingile, kwa kutumia nadharia ya usasaleo. Katika utamaduni pendwa, wasimulizi wa filamu kama Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya wamesimulia filamu za nje kwa Kiswahili, wakiongeza maelezo na utani wao. Desturi hiyo haikutokana na nadharia hii, bali na haja ya watazamaji kuelewa na kuburudika. Hata hivyo nayo huunda kazi mpya juu ya kazi ya wengine.

Ukosoaji

Mmarekani Fredric Jameson alihusisha usasaleo na ubepari wa kisasa, akisema kwamba mara nyingi huiga mitindo ya zamani bila lengo, na historia hubaki kuwa pambo tu.

Ubishi mkali zaidi unahusu ukweli. Mwaka 1991 Baudrillard aliandika kwamba Vita vya Ghuba havikutokea, akimaanisha kuwa watazamaji walipewa picha za televisheni badala ya vita vyenyewe. Mwingereza Christopher Norris alipinga vikali mkabala huo: picha zinaweza kupotosha, lakini waliokufa walikufa kweli, na idadi yao inaweza kuchunguzwa. Watetezi wa Baudrillard hujibu kwamba hakukana vifo hivyo, bali alihoji jinsi vita ilivyoonyeshwa. Kwa hiyo kuuliza nani ametengeneza picha na kwa nini ni jambo tofauti na kusema kwamba ukweli haupo.