Uwanja wa Waafrika wa Nairobi na Funzo Lake kwa Watu wa Chania



Taarifa ya mwaka haitimii kwa hesabu za fedha peke yake; yafaa pia kukumbuka mali ya watu wote na jinsi ilivyotunzwa. Basi twaeleza kwa ufupi habari za uwanja wa michezo ulio kando ya barabara ya Jogoo, Nairobi.

Zamani za ukoloni uliitwa Uwanja wa Waafrika, na jina hilo laonyesha jinsi mji ulivyogawanywa kwa rangi. Baadaye ulichukua jina la barabara ya Donholm. Barabara ilipoitwa Jogoo, uwanja nao ukafuata. Kisha ukaitwa City Stadium.

Vyama vya ustawi kama hiki chetu vina fungu katika sifa zake. Luo Union kilikuwa na timu, na mwaka 1968 timu hiyo iliungana na Luo Stars, ikazaliwa Gor Mahia. Timu ya Abaluhya, ambayo leo ni AFC Leopards, iliundwa mwaka 1964 kwa kuunganisha timu kadhaa. Watu walijazana uwanjani humo kumtazama Joe Kadenge.

Uwanja wa Nyayo ulifunguliwa mwaka 1983, na wa Kasarani mwaka 1987. Michezo mikubwa ikahamia huko, na fedha za kiingilio zikahama nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 FIFA iligharimia nyasi za bandia katika uwanja ule wa zamani, nazo zikachakaa. Mwaka 2019 Kadenge alifariki, na uwanja ukapewa jina lake. Lakini heshima ya jina haizibi paa linalovuja. Kazi ya kuujenga upya ikabidi ianzishwe.

Wapenzi wasomaji, uwanja huo haukuangushwa na uzee. Fedha za kujenga zilipatikana zaidi ya mara moja. Kilichokosekana ni utunzaji wa kila siku.

Sisi wa Chania tuna viwanja vyetu, Thika na Ruiru. Kaunti ya Kiambu iwaitapo wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, wazee wetu wahudhurie. Wasiulize tu juu ya majukwaa mapya, bali waulize pia ni kiasi gani kimetengwa kwa maji, vyoo, malango na mshahara wa mlinzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo utajengwa kwa kodi yetu sisi wenyewe.