S.K. Macharia na kituo kilichozimwa kikasimama tena

Samuel Kamau Macharia, ajulikanaye zaidi kama S.K. Macharia, ni mfanyabiashara wa Kenya, mwanzilishi wa Royal Media Services, kampuni yenye Radio Citizen na Citizen TV. Tunaeleza habari zake kwa ajili ya makanisa ya Kindu na Maniema yote yenye redio, au yanayotamani kuwa nayo.

Kuanguka

Macharia hakuanzia kwenye utangazaji. Kiwanda chake cha karatasi, Madhupaper, kilimtoka mikononi miaka ya 1980 katika mgogoro na benki. Alipoingia kwenye redio, sauti ya serikali ndiyo iliyotawala hewani. Citizen ilianza kusikika mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2001, chini ya Rais Moi, mamlaka zilizima mitambo yake, na televisheni yake ikabaki dhaifu.

Kuinuka

Moi aliondoka madarakani mwisho wa 2002. Mwaka 2006 Citizen TV ilizinduliwa upya. Minara ilijengwa mbali na Nairobi. Habari za Kiswahili ziliwekwa saa moja jioni, na vichekesho vya Wakenya wenyewe, kama Papa Shirandula, vikapewa saa nzuri. Upande wa redio zilikuja Inooro kwa Kikuyu, Ramogi kwa Kijaluo, Musyi kwa Kikamba, na nyinginezo. Wasikilizaji walifuata lugha yao, na matangazo ya biashara yakawafuata wasikilizaji. Citizen TV ikapanda hadi kuongoza kwa watazamaji nchini. Serikali ilipoizima tena Januari 2018, pamoja na NTV na KTN, ilirudi hewani baada ya siku zipatazo kumi.

Fundisho kwetu

Hapa Kindu hatuna soko la Nairobi. Redio ya kanisa huishi kwa sadaka, matangazo ya misiba na michango ya waumini; mafuta ya jenereta yakiisha, hunyamaza. Lakini mafuta peke yake hayafufui kituo. Mtu huchangia sauti anayoiona kuwa yake.

Radio Okapi, iliyoanza tarehe 25 Februari 2002, ilitangaza kwa Kifaransa na lugha zetu nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. Sisi tunaweza kushuka zaidi: dakika chache za Kilega, Kikusu au Kizimba, bei za sokoni, hali ya barabara na mto Lualaba, ushauri wa muuguzi, kisha neno la Mungu. Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha yake mwenyewe.

Macharia alitafuta faida, nasi tunatafuta roho za watu. Hata hivyo hesabu ya kwanza ni ileile. Kabla ya kuomba mtambo mpya kwa wafadhili, kamati ya redio iwaulize mama wa sokoni na vijana wa pikipiki: mnatusikiliza saa ngapi, na kwa nini mnatuzima?